Naomba ushauri: nakosa muda wa kusomea CPA

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi Posta, naishi Kimara, hapa Dar, na Novemba nina mtihani wa CPA, ule wa uhasibu wa NBAA (bodi ya wahasibu). Nafika nyumbani saa moja na nusu usiku, nafungua daftari la kodi, ukurasa ule ule tangu Jumatatu, nasinzia na kalamu mkononi. Nimejaribu Pomodoro, dakika 25 kusoma na 5 kupumzika. Mwanzoni ilinisaidia, ila zile 5 zinaishia WhatsApp hadi saa nne. Nahisi saa kumi alfajiri ingenifaa zaidi, mtoto anakuwa bado amelala.

Mliofaulu huku mkiwa kazini, mlipangaje ratiba? Kama mnajua kitabu cha Kiswahili, au programu ya simu isiyokula bando, nielekezeni tafadhali.