Mrejesho: treni za Ulaya, pasi au tiketi moja moja?
Wakuu asanteni sana, lile swali langu la Paris, Amsterdam, Berlin mpaka Vienna, kama mimi na waifu tuchukue pasi ya Eurail (tiketi moja ya kupandia treni nyingi za nchi mbalimbali Ulaya; sisi wa kutoka Bongo ndo yetu, Interrail ni ya wanaoishi Ulaya), tiketi moja moja au ndege, tumeshamaliza. Tulikata tiketi moja moja mapema kabisa ikatoka nafuu, maana hata ukiwa na pasi, treni ya kasi ya Eurostar ya Paris kwenda Amsterdam lazima ulipie siti tena. Ndege bei inavutia ila begi unalipia, na viwanja vingine viko mbali balaa, Beauvais ni kama kilomita 80 toka Paris! Ila kama ratiba yako haijatulia na unazunguka Ujerumani na Austria we chukua pasi, kule treni nyingi unapanda tu bila kubuku siti.