Ukoo wa Muheza 🌿: margarita ya pai ya ndimu

Neema: Wadau jmosi nikija kwa shangazi nawatengenezea margarita ya pai ya ndimu, ile pai ya Florida, yani kinywaji na dizeti humohumo, msishibe sana pilau

Baraka: 😂😂 pai inanyweka?

Neema: We subiri. Margarita ya kawaida ni tequila (pombe kali ya Mexico), Cointreau (pombe tamu ya machungwa) na ndimu, glasi inapakwa chumvi mdomoni. Mi chumvi natoa naweka biskuti zilizopondwa, halafu ndani naongeza maziwa mazito ya kopo

Shangazi Stella: Maziwa na ndimu Neema?? Si yatakatika utunyweshe mtindi wa pombe

Neema: Shikamoo shangazi 🙏 yanayokatika ni maziwa fresh, haya ya kopo yameshapunguzwa maji na sukari imejaa, ukitia ndimu yanazidi uzito tu yanabaki laini, hata hiyo pai zamani hawakuwa wanaioka ilikuwa inashikana kwa ndimu tu. Ila ukishatikisa mnywe hapohapo

Shangazi Stella: Marahaba. Haya vipimo, sitaki mambo ya kumimina kwa macho

Neema: Glasi moja tequila mililita 50, Cointreau mililita 20, maji ya ndimu mililita 30, maziwa vijiko viwili vya chakula. Maziwa na ndimu vikorogwe kwanza, ndo utie tequila, Cointreau na barafu nyingi utikise mpaka mkono ufe ganzi kwa baridi. Na ndimu ziwe hizi ndogo zetu zenye mbegu, ndo hizohizo za pai kule Florida, msiniletee malimau

Baraka: Sheka ya kutikisia unayo?

Neema: Chupa yoyote ya mdomo mpana, chujio la chai lipo

Anko Joeli: Tequila si ndo ya mkonge? Mi nimekata mkonge Ngomeni miaka na miaka sijaona mtu kalewa

Neema: 😂😂 Shikamoo anko. Ni ndugu tu, wote ni jamii moja ya mimea inaitwa agave, wetu wa kamba, ule wa tequila ni wa buluu unalimwa sana Jalisco kule Mexico, wanaoka kile kichwa cha katikati wanakamua wanachachusha ndo wanakeneka. Anayenunua chupa aangalie imeandikwa 100% agave, isipoandikwa hivyo sukari nyingine inaruhusiwa mpaka 49%, hizo mi sigusi

Anko Joeli: Marahaba. Kumbe tulikuwa tunakata kamba tu 😩

Shangazi Stella: Na sisi tusiokunywa?

Neema: Ndimu, maziwa ya kopo, maji baridi na barafu, Brazil wanakunywa sana hiyo. Biskuti mdomoni kama kawa

Baraka: Biskuti juu yangu

Shangazi Stella: Na barafu mnunue njiani, friza yangu imejaa samaki