Mashine ya boti HP 15 haitoi maji baada ya kubadilisha impela

Mgeni_wa_Boti, Moshi

Wakuu, salama? Naomba msaada. Nina mashine ya Yamaha Enduro HP 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, inafanya kazi bwawa la Nyumba ya Mungu. Ilikuwa inakojoa maji kidogo sana, nikanunua impela mpya (kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza injini) na kuifunga mwenyewe hapa nyumbani. Ni mara yangu ya kwanza kufungua mashine ya boti. Impela ya zamani ilikuwa imekatika mabawa mawili.

Nimeijaribu kwenye pipa la lita 200, maji yakiwa yamefunika propela. Imewaka vizuri, lakini tundu la pembeni halikutoa hata tone. Baada ya kama dakika tatu hedi (kifuniko cha silinda) ikawa haishikiki kwa moto, nikazima. Impela niliyouziwa ni mbovu, au nimefunga vibaya? Na je, injini imeshakufa?

Spana12, Arusha

Mkuu, usiiwashe tena kwanza, hata kwa sekunde chache. Impela ni mpira, na inalainishwa na maji hayo hayo inayoyasukuma. Ikizunguka kavu inaungua upesi.

Usinunue kitu chochote kabla ya kujua tatizo liko juu au chini. Shusha giaboksi, ile sehemu ya chini ya mguu wa mashine yenye propela. Utaona bomba jembamba la maji linaloning'inia kutoka juu. Hapo ndipo pampu inaposukumia maji. Chukua mpira wa bustani, ubane kwenye mdomo wa bomba hilo kwa kitambaa, fungulia maji taratibu. Yakitoka kwa nguvu kwenye tundu la pembeni, juu hakuna tatizo, tafuta kosa kwenye pampu. Yakigoma au yakichuruzika, kuna kitu kimeziba njia.

Hayo mabawa mawili yaliyokatika yananitia wasiwasi kuliko kitu kingine. Yalikwenda wapi? Kama hukuyaokota ndani ya pampu, yamepanda na maji. Kila impela ya zamani ikitoka, panga vipande vyake mezani mpaka duara likamilike. Kisichopatikana kimo ndani ya mashine.

Halafu maji ya kufunika propela hayatoshi. Yapite juu ya lile bati pana lililo juu ya propela kwa sentimita 10 hivi. Propela yenyewe ivue unapojaribu kwenye pipa, maana inayachafua maji mpaka pampu inavuta hewa.

Baharia_wa_Nchi_Kavu, Moshi

Naongezea upande wa pampu. Kutotoka hata tone moja kunanifanya nishuku kii, kile kichuma kidogo cha nusu mwezi kinachokaa kwenye shafti na kuishika impela. Ukishusha impela kinateleza, kinaangukia kwenye grisi na huoni. Shafti inazunguka peke yake, impela imesimama. Kwa macho kila kitu kimefungwa sawa.

Mshukiwa wa pili ni raba ya juu ya pampu ambamo lile bomba linaingia. Giaboksi ikipandishwa bila kulenga, bomba linapita pembeni ya raba au linaikunja, na maji yanamwagika ndani ya mguu wa mashine badala ya kupanda.

Ukifungua, kagua pia kikombe cha chuma ambamo impela inazungukia na bati lake la chini. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inaleta tope jingi pale bwawani, na mchanga unachora mistari. Kucha ikikwama kwenye mistari hiyo, badilisha kikombe na bati pamoja na impela, la sivyo mpya nayo itasukuma kinyonge.

Kompresheni, Arusha

Kuhusu injini kufa: vua plagi zote mbili, vuta kamba polepole. Ikienda laini bila kukwaruza, hiyo ni dalili njema. Kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwa geji, silinda moja baada ya nyingine, mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa na waya za plagi zikiwa zimegusishwa kwenye bodi ya injini. Namba mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, ringi au pistoni imeshaguswa na moto, fungua hedi kabla ya kurudi majini.

Mgeni_wa_Boti, Moshi

Asanteni sana wakuu. Nimepitisha mpira wa maji: mwanzo yalichuruzika, kisha kikaruka kipande kimoja cha mpira kwenye tundu la pembeni, sasa yanatoka lakini si kwa nguvu. Kii nimekikuta chini ya impela, kwenye grisi. Geji naazima kesho. Nifunge?

Spana12, Arusha

Bado, kaka. Umepata kipande kimoja, kuna cha pili. Fungua kifuniko cha thamostati (kidude kinachofungua njia ya maji yakipata moto), kisha kifuniko cha maji cha hedi; mara nyingi kinakwama hapo. Gasketi za hapo weka mpya, usirudishie za zamani. Thamostati itumbukize kwenye sufuria ya maji unayoyapasha: ya mashine hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 50 hivi. Ikibaki imefunga, itupe.

Impela iliyokaushwa dakika tatu usiirudishe, hata kama inaonekana nzima. Utakayoweka badala yake ipake maji ya sabuni, kii kipachike kwa grisi kidogo kisidondoke, kisha ukishusha kikombe zungusha shafti kulia, kama mshale wa saa ukitazama kutoka juu, ili mabawa yalale upande wake. Usizungushe kinyume baada ya hapo.

Wakati wa kupandisha giaboksi, meno ya shafti yapake grisi ubavuni tu, si kichwani, la sivyo grisi inabanwa na shafti haikai. Mtu mmoja atazame bomba likiingia kwenye raba, mwingine anyanyue. Kabla ya kukaza, jaribu gia zote: katikati ekseli ya propela izunguke huru, mbele na nyuma ishike.

Baharia_wa_Nchi_Kavu, Moshi

Na oili ya gia, kwa kuwa giaboksi iko chini tayari: kama mililita 250 za SAE 90, jazia kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo uchomoe chupa na kufunga la chini. Washa za skrubu ziwe mpya. Ya zamani ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imepitisha maji.