Wakuu, geti la bwawa nifungue lini? Spana nimeachiwa mimi

Mkulima wa Tambarare
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, njia ya kushukia Kahe. Chama chetu cha umwagiliaji kina bwawa dogo la tuta la udongo, na tangu mzee aliyekuwa analishika aumwe mgongo, spana ya geti ninayo mimi. Mimi ni mtu wa mahindi na nyanya, si fundi.

Juzi maji yalikuwa sm 90 chini ya utoro (njia ya kutokea maji yanayozidi), leo asubuhi sm 62. Huku jua linawaka, mlimani kumefunga. Mwenyekiti kasema nisifungue hata tone, maana mwaka jana tulimwaga masika, Agosti tukabaki tunatazama matope. Huko chini watu wamelima bustani hadi ukingoni. Nifanyeje? Rula yenyewe imepauka, nasoma kwa kukisia.

Fundi Tuta
Mkuu, anza na kopo la rangi, hiyo rula uipake upya kesho. Halafu usihangaike na namba peke yake, angalia mwendo. Sm 28 kwa siku mbili unaweza kulala. Sm 20 kwa usiku mmoja, usilale. Soma asubuhi, mchana na jioni, andika na saa. Mvua ikikaza, soma kila saa.

Bwawa ni bakuli, sm ya juu ina maji mengi kuliko ya chini. Chukua bwawa kubwa la Nyumba ya Mungu: likitanda kilomita za mraba 140 hivi, sm 1 ni mita za ujazo milioni 1.4. Ukitoa mita za ujazo 100 kila sekunde, usiku na mchana, kwa siku unashusha sm 6 tu, tena kama hakuna kinachoingia. Ndiyo maana hufunguliwa mapema, kidogo kidogo. Na utoro uusafishe leo. Migomba na magogo yakiuziba, maji yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu, huna bwawa.

Mama Bamia
Mimi ni wa huko chini, si kwa bwawa lako ila yaleyale. Mwaka juzi walifungua saa nane usiku. Niliamshwa na kuku, nikakuta pampu imebaki mpini tu nje ya maji. Kufungua wafungue, mto ni mto. Kilichoniuma ni kutoambiwa. Mwanangu, mpigie mwenyekiti wa kitongoji, tangazeni msikitini na kanisani, ufungue asubuhi. Mchana watoto wakitoka shule wanaoga mtoni.

Chalii wa Kaloleni
Mwenyekiti mpe spana alale nayo.

Mkulima wa Tambarare
😂 Shikamoo mama, nimekuelewa. Fundi, nikifungua lote leo nipate nafasi kabisa?

Fundi Tuta
Usithubutu! Tuta limelowa. Ukishusha maji ghafla, udongo wa ndani unabaki mzito na hakuna maji ya kuuegemea, unaporomokea bwawani. Zungusha kidogo, subiri, soma.

Halafu shuka nyuma ya tuta, pale chini kabisa. Ukikuta panavuja maji maangavu, weka alama uwe unapafuatilia. Yakiwa na tope, udongo unatoka ndani ya tuta: waondoe watu kwanza, simu baadaye.

Tafuta na mtu Uru au Kibosho, huko mlimani, awe anakupigia mvua ikianza huko, maana mafuriko ya tambarare hayasubiri mawingu ya tambarare. Na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapohapo Moshi, nenda na daftari lako. Bwawa linatakiwa lijulikane kwao.

Mkulima wa Tambarare
MREJESHO: Jana tumetangaza, leo saa mbili asubuhi nimezungusha mara tatu. Utoroni tumetoa migomba minne na tairi la trekta, sijui lilifikaje. Nyuma ya tuta pakavu. Mwenyekiti kanuna, hapokei simu yangu. Saa kumi nimesoma sm 66. Shemeji yangu wa Uru kanipigia sasa hivi, mvua imeanza. Natafuta betri za tochi.