Mliotembelea magofu ya ngome za Warumi, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikendi.

Naishi kaskazini mwa Uingereza, na kila mgeni akija kutoka nyumbani naumiza kichwa: nimpeleke wapi pasipo na maduka? Mwezi wa tano alikuja mama mkwe. Nikajitia mwenyeji, nikampeleka Housesteads, ngome iliyoshikana na Ukuta wa Hadrian, ule ukuta wa mpaka wa Warumi. Kutoka maegesho ni kupanda kilima kwa miguu, na upepo wa kule haujui mkwe wala mgeni. Mama akafika juu, akakaa kwenye jiwe, akatazama kushoto na kulia.

"Mwanangu, hii nyumba iliishia kwenye msingi?"

Nikakosa jibu, maana ndivyo inavyoonekana. Mistari ya mawe ya kufika magotini, nyasi zilizofyekwa vizuri, na kondoo. Ukipita haraka utadhani kiwanja cha mtu aliyeishiwa saruji. Nikaanza kumsomesha kwamba ukuta ulianza kujengwa mwaka 122, unakwenda kilomita 117 kutoka bahari hadi bahari, na hapa walikaa askari kama 800 kutoka pande za Ubelgiji ya leo. Anapiga miayo.

Kilichomwamsha ni choo. Kiko kona ya kusini-mashariki, sehemu ya chini ya mteremko, ili maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi ya mawe yateremke yasukume uchafu nje. Askari walikaa kwa safu juu ya mbao zenye matundu, wanatazamana, wanapiga soga. Mbao hazipo tena, ila mtaro na matangi viko palepale. Mama akainama, akachungulia, akauliza kama na mkubwa wao alikuja hapo. Hapana, mkuu wa kikosi alikuwa na cha kwake nyumbani. "Ahaa," akasema, "kumbe mambo ni yaleyale." Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa ananiburuta.

Na nyie mlikwenda wapi, mkakuta nini? Karibuni.

Mdau wa Newcastle

Mkuu, umekosea pa kuanzia. Mgeni aanze Vindolanda, ngome nyingine ya Warumi si mbali na hapo, halafu ndiyo umpandishe kilimani. Kule misingi inaongea. Kambi ilijengwa na kubomolewa mara kadhaa, na kila mara waliziba ya zamani kwa udongo na kujenga juu yake. Chini kukabaki unyevu bila hewa, vitu havikuoza. Maelfu ya viatu yametoka pale, vikiwemo vya watoto. Tangu 1973 wanafukua pia vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja ni mwaliko wa sherehe ya kuzaliwa wa miaka ya 100 hivi, mke wa ofisa anamwalika mke wa mkuu wa kikosi mwenzake. Kingine kinamwarifu askari kwamba ametumiwa soksi, ndara na chupi. Chupi, wakuu. Kwa baridi ile, aliyetuma alikuwa na utu.

Nimewahi kujitolea kuchimba pale. Siku zangu zote nimepata vigae na misumari yenye kutu. Jirani yangu, siku yake ya pili tu, akatoa soli nzima ya kiatu. Sijamsamehe.

Mdau wa Carlisle

Mimi nilisikia kwamba Burgh by Sands, karibu na mwisho wa magharibi wa ukuta, kulikuwa na kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini katika karne ya 3. Nikasema hapa lazima nifike, hawa ni watu wa bara letu. Nikafika. Wakuu, huo msingi wenyewe haupo! Nimezunguka kijiji kizima nimeona ng'ombe na kanisa. Nilishakata tamaa ndipo mzee mmoja akaniambia nitazame kuta za kanisa: zimejengwa kwa mawe ya ngome. Nikazigusa, nikapiga picha, nikaondoka.

Mdau wa Nairobi

Sisi wa huku bila viza ya Uingereza tusisahau Misri. Nilikuwa Cairo kwa semina, nikapanda metro hadi kituo cha Mar Girgis. Ukitoka tu, mnara wa duara wa Kirumi huu hapa mbele yako, hakuna kupanda kilima. Ni ngome ya Babylon, ya enzi za Kaisari Diocletian, mwaka 300 hivi. Ardhi imepanda sana tangu wakati huo, kwa hiyo unachungulia chini kama unatazama kisima. Kanisa la Wakopti limekaa juu ya lango lake, ndiyo maana wanaliita la kuning'inia. Ndani kuna mahali umewekwa kioo sakafuni uone lilivyo hewani. Ngome hiyo ndiyo aliyoizingira Amr ibn al-As, jemadari wa Waarabu, ikaanguka mwaka 641. Msikiti wenye jina lake hauko mbali, unafika kwa miguu.

Mdau wa Frankfurt

Wanaolalamikia misingi waje ngome ya Saalburg, karibu na Bad Homburg. Malango, kuta, ghala la nafaka, vyote vimesimama. Watoto wangu waliipenda kuliko sehemu yoyote ya Ujerumani.

Ila si mawe ya zamani, imejengwa upya kwa amri ya Kaiser Wilhelm II. Mbele ya lango kuna sanamu ya Kaisari Antoninus Pius, na chini yake Kilatini kinachosema ni zawadi ya kaisari wa Wajerumani kwa kaisari wa Warumi. Kazi ilikamilika 1907. Mimi ni wa Songea. Nduna Songea Mbano alinyongwa 1906, na vita vya Maji Maji vilikwisha 1907 hiyohiyo. Watoto wanakimbia kwenye ukuta wanacheka, mimi nimesimama pale sijui niseme nini. Nilikwenda kununua maji.

Mdau wa Jeddah

Hivi mnajua neno letu "kasri" limetoka kwenye "qasr" ya Kiarabu, nayo wataalamu wengi wanasema asili yake ni "castrum", kambi ya askari wa Kirumi? Na kwa anayetaka kuuliza kama walifika kwetu: wafanyabiashara wa dola yao waliijua bandari ya Rhapta, pwani ya Azania, jina la kale la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Askari ni habari nyingine. Visiwa vya Farasan, kusini mwa Bahari ya Shamu, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kilatini ya mwaka 144 la kikosi kilichowekwa huko. Nilivuka kwa feri kutoka Jizan. Samaki wazuri mno.

Mleta uzi

Mdau wa Songea, nimekusoma mara mbili.

Mrejesho: mama mkwe alisharudi Morogoro. Jana kapiga simu, nikadhani ni habari ya mashamba. Anataka nimtumie picha ya kile choo, wenzake wa kikoba wanambishia.