Naomba ushauri: dada yangu alisahauliwa kitambaa tumboni, tunapataje faili lake?

Habari zenu wakuu. Dada yangu alijifungua kwa upasuaji mwezi wa tatu, hospitali binafsi hapa Temeke. Tumbo halikuacha kuuma. Kila tukirudi wanampa dawa za maumivu, wanasema kidonda bado kibichi. Mwezi wa sita homa ilizidi, tukamkimbiza kwingine. Wakamfungua upya na kutoa kitambaa cha upasuaji, usaha umejaa. Wiki tatu yuko wodini, mtoto mchanga analia nyumbani kwa bibi yake. Inaniuma mpaka leo.

Tumepata wakili. Anasema madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, tusilale, na malalamiko yafike pia Baraza la Madaktari Tanganyika. Ila hospitali ya kwanza inatuzungusha, faili haitoi. Na wakili anataka milioni 2 za kuanzia. Shemeji yangu ni dereva wa bodaboda, hatuna.

Aliyepitia haya, faili mlilipataje? Daktari aliyemfungua mara ya pili anaweza kukubali kutoa ushahidi mahakamani? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanapokea mashauri kama haya? Natanguliza shukrani.