Tuna pedi mbili za gemu na kochi moja, kwa nini tulazimishwe kupitia seva ya Ulaya?

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitaeleza moja baada ya jingine kwa nini.

Watu wawili wamekaa Sinza mbele ya TV moja. Mashine moja ya gemu, pedi mbili (vidhibiti vya mkononi), diski mpya imelipiwa bei kamili. Gemu inafunguka, mwenye pedi ya pili anabonyeza kitufe, hakuna kinachotokea. Kumbe "kucheza na marafiki" kulikoandikwa kwenye tangazo maana yake ni kila rafiki awe na mashine yake, TV yake, nakala yake ya gemu, akaunti yake na malipo yake ya kila mwezi. Aliye kochi moja na wewe hahesabiki kuwa rafiki. Huu ni wizi wa mchana.

Wanaosema "mtandaoni ni kama kukaa pamoja tu" waje hapa tupige hesabu. Mwanga ndani ya mkongo wa intaneti husafiri kama kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka Dar hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 ukinyoosha mstari angani. Seva (kompyuta inayounganisha wachezaji) ikiwa huko, amri ya pedi yako inakwenda kilomita 7,000, kisha jibu linarudi kilomita nyingine 7,000 hadi kwa mwenzako aliyeko Mbagala. Hapo tayari ni milisekunde 70, na hiyo ni kwa mkongo ulionyooka kama rula, ambao haupo duniani. Mkongo unazunguka na bahari, unapita vituo, unapita mitambo ya mtandao wako, na unamalizia kwa wifi ya nyumbani inayogombaniwa na simu sita. Kwa hiyo ukiona pingi (muda wa amri kwenda na kurudi) ya milisekunde 150 au 180 usishangae. Gemu ya mpira au ya ngumi huchora fremu (picha) 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni milisekunde 16.7. Pingi ya 160 ni kama fremu kumi. Kipa ameshalala chini wewe bado unauona mpira mguuni mwa mshambuliaji.

Johannesburg ni afadhali, maana ni kama kilomita 2,500 tu. Lakini si kila gemu imeweka seva kule, na hata ikiwepo, gemu ikikosa wachezaji wa kutosha usiku inakupeleka Ulaya bila kukuuliza. Watu wawili wa mji mmoja, umbali wa nauli moja ya daladala, wanapimana nguvu kupitia bara jingine.

Na mkongo ukikatika je? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kutambaa. Siku hiyo pedi mbili na waya wa HDMI vilifanya kazi kama kawaida. Gemu ya mtandaoni ilikuwa ni kiduara kinachozunguka tu kwenye skrini.

Sasa njooni kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapochemka zaidi. Enzi za PS3 (PlayStation 3 ya Sony) kucheza mtandaoni kulikuwa bure. PS4 ilipotoka 2013 wakaanza kudai malipo ya uanachama wa PlayStation Plus kwa gemu nyingi za kulipia. Septemba 2023 bei ya mwaka mzima ya daraja la chini nchini Marekani ikapanda kutoka dola 59.99 hadi 79.99. Haya, tuseme umejikamua ukapata hizo pesa. Unalipia wapi? Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN, huduma yao ya mtandaoni), Kenya haimo. Mtu analazimika kufungua akaunti ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Ukishachagua nchi hubadilishi tena, na kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Ukinunua kadi ya Marekani huku akaunti ni ya Uingereza, namba inakataliwa na pesa imekwenda. Nyongeza za gemu nazo hivyo hivyo: diski ya Ulaya na nyongeza iliyonunuliwa kwenye duka la Marekani mara nyingi haziongei. Muuza diski hakwambii hayo.

Mnakumbuka gemu ya Helldivers 2? Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PSN. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam (duka la gemu za kompyuta) kwa nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo, zetu zikiwemo. Sharti la akaunti lilifutwa baada ya dunia nzima kupiga kelele. Kelele zinasaidia, ndiyo maana naandika.

Na hili la kuondoa gemu ya sebuleni si ajali, limefanywa kwa makusudi na kwa miaka. Modern Warfare 2 ya 2009 ilitoka kwenye kompyuta bila LAN (kuunganisha kompyuta zenyewe kwa zenyewe bila intaneti). StarCraft II ya 2010 bila LAN. Zile kompyuta kumi zilizofungwa kwenye swichi moja, bila senti ya bando, zikafungiwa mlango. Halo ni gemu iliyojengwa juu ya kugawa skrini (kila mchezaji na kipande chake cha TV), lakini Halo 5 ya 2015 ikaja bila hiyo. Watu wakalalamika, 2017 wakaahidiwa kwamba Halo zijazo zitakuwa nayo, na Septemba 2022 ikatangazwa kwamba kugawa skrini kwenye kampeni (sehemu ya hadithi) ya Halo Infinite kumefutwa. Gran Turismo 7, ya magari, inakubali kugawa skrini, hilo nawapongeza, lakini sehemu kubwa ya gemu imefungwa kwa intaneti: Machi 2022 seva zake zilizimwa zaidi ya saa 30, na aliyelipia gemu akabaki na vipande vichache vya kuchezea, hata kama anataka kuendesha peke yake.

Kwenye mpira, angalia Clubs ya EA Sports FC. Ile ndiyo sehemu ambayo kila mtu anamiliki mchezaji mmoja uwanjani, na ndiyo ambayo marafiki wa mtaani wangeipenda kuliko zote. Ila mashine moja inakubali mtu mmoja. Wanne mkikaa sebule moja mnataka mashine nne. Hakuna sababu ya kiufundi hapo, maana kwenye mechi ya kawaida mashine ileile inawabeba hao wanne na pedi zao bila jasho. Ni kuuza mashine tu.

Kabla ya kununua, geuza boksi. Kuna namba mbili za wachezaji na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza, mfano "1-4", ni ya mashine moja. Ya pili, mfano "2-22", ina neno la mtandao pembeni yake. Ukiona ya kwanza ni "1" peke yake, pedi yako ya pili itabaki kabatini, hata picha ya boksi ikionyesha kundi la watu wanacheka. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni maelezo hayo yapo chini ya picha, yameandikwa kwa herufi ndogo.

Jibu #2, MkongoWaKijani

Mkuu umesema kweli tupu, ila umesahau NAT (ruta au mtandao kuwapitisha wengi kwa anwani moja ya IP, ile namba ya utambulisho mtandaoni), na ndiyo inayowatesa wengi wanaotumia hotspoti ya simu.

Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya PS4 au PS5, pima muunganisho, utaona aina ya NAT: 1, 2 au 3. Ya 2 ni sawa kabisa. Ya 3 ni balaa, maana wawili wenye 3 hawaonani kwenye gemu zinazounganisha mashine kwa mashine, na hata sauti haipiti. Mtu anabadilisha gemu, anafuta akaunti, anamlaumu rafiki yake, kumbe tatizo ni mtandao wa simu kuwarundika wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Ili kujua, fungua ukurasa wa ruta uangalie IP ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani yako mwenyewe. Kufungua kwenye ruta milango (njia za data za PlayStation) ya TCP 3478 hadi 3480 na UDP 3478 na 3479 hakutakusaidia, hata ukae na ruta usiku kucha. Dawa ni kumwomba anayekuuzia intaneti akupe IP ya umma, na wengine wanatoza ziada kwa hilo.

Kosa jingine ni ruta mbili zilizofuatana: ile ya kampuni ukutani, na nyingine uliyonunua wewe ukaichomeka kwake. Hiyo ni NAT juu ya NAT. Moja igeuzwe iwe daraja tu, yaani ipitishe data bila NAT yake. Na acha wifi, vuta waya. Waya wa mtandao wa Cat5e unafika mita 100 bila shida. PS4 ya kwanza kabisa inashika wifi ya 2.4 GHz pekee, na kwenye nyumba za kupanga zilizobanana masafa hayo yamejaa ruta za majirani. Pingi inaruka kutoka 60 hadi 300 ndani ya sekunde moja, na huko kuruka ndiko kunakouma kuliko pingi kubwa iliyotulia.

Jibu #3, FundiPedi

Naunga mkono hoja, lakini na sisi wa kochi tusijifanye hatuna matatizo. Nusu ya ugomvi wa "pedi yako nzuri, yangu mbovu" ni wa kweli.

Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, analogi (kijiti cha kuongozea kwenye pedi) imekwisha. Chini ya kile kijiti kuna vipimo viwili vyenye utepe wa kaboni, na utepe huo unalika kadiri unavyosuguliwa. Kupuliza vumbi na kudondoshea spiriti safi ya asilimia 99 kunatoa nafuu ya muda. Tiba ni kubadilisha kijiti chote, na kina miguu 14 ya kuchomelea. Kwa pedi ya kawaida, atakayekwambia anakibadilisha bila kuchomelea, chukua pedi yako uondoke.

Pedi ya PS4 inachaji lakini haitaki kuungana na mashine? Badilisha waya kabla ya kumpelekea fundi. Nyaya nyingi za bei ya chini zina njia ya umeme tu, hazina njia ya data. Ikiendelea kukataa, kuna kitundu nyuma karibu na kitufe cha L2: bonyeza kwa pini sekunde 5, chomeka waya wenye data, bonyeza kitufe cha PS. Na wanaohamia PS5 wajue mapema kwamba pedi ya PS4 inacheza gemu za PS4 tu kwenye mashine ile. Gemu ya PS5 inataka pedi ya PS5, kwa hiyo bajeti ya wawili ianze na pedi mbili mpya.

TV nayo ina uchelewaji wake. Nyingi zikiwa kwenye hali ya kawaida zinasafisha picha kwanza, na hapo zinakula milisekunde 50 hadi 100. Washa hali ya gemu, zima ulainishaji wa mwendo. Tofauti na mtandaoni ni kwamba huo uchelewaji unawapiga wote wawili sawasawa. Hakuna wa kumsingizia mtandao.

Jibu #4, mwenye uzi

FundiPedi, hapo kwenye "sawasawa" umemaliza kila kitu. Ukifungwa kochini umefungwa.

Kuna aliyeuliza kama simu zinaweza kucheza pamoja bila bando. Zinaweza. Minecraft ya simu inakubali: mmoja awashe hotspoti na azime data kabisa, wengine waunganike kwake, mwenye dunia aifungue na kuruhusu wachezaji wa mtandao wa ndani, na itaonekana kwenye simu za wengine. Isipoonekana, linganisheni namba ya toleo. Mmoja akiwa na apdeti ya jana na mwingine ya mwezi uliopita hawataonana. Wenye kompyuta wahakikishe Windows imeuandika mtandao huo kuwa wa binafsi. Ukiandikwa wa umma, ukuta wake wa ulinzi unaziba mlango na mtakaa saa nzima mkitazamana.

Oneni sasa: gemu ya ukubwa ule inafanya kazi kwa simu mbili na hotspoti isiyo na hata MB moja, halafu kampuni yenye mashine ya mamilioni ya shilingi inaniambia haiwezekani. It Takes Two ya 2021 haichezeki kabisa bila watu wawili, inagawa skrini karibu mwanzo hadi mwisho, na ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka. Split Fiction ya 2025 imetoka kwa watu walewale na kwa mtindo uleule. Na mkitaka kucheza mkiwa mbali, nakala moja inatosha wawili, wa pili anashusha pasi ya rafiki bure. Kwa hiyo inawezekana, na inauzika.

Tufanye orodha yetu hapa. Anayejua gemu ya kuanzia 2022 kuendelea, iwe ya magari, ngumi au mpira, inayokubali pedi nne kwenye mashine moja bila akaunti nne, aiandike na ile namba ya kwanza ya nyuma ya boksi. Msiweke mliyosikia, wekeni mliyoona kwa macho pedi zote nne zikiwaka.